Mwongozo kamili wa kupanda na kushuka treni ya TAZARA kwenye stesheni ndogo za Kilombero (Mlimba, Chita, Mbingu na jirani zake)

Ukisoma maelezo mengi ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, utadhani treni inatoka Dar, inafika Mbeya, afu inaenda Zambia, na katikati hapo hamna mtu. Wakati reli ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, na upande wa Tanzania peke yake ni kama 975, na humo katikati kuna watu wanalima mpunga na ndizi ambao treni ndo barabara yao, hasa masika. Huu mwongozo ni wa hao, na wa ndugu zao walioko Dar, Mbeya na Tunduma wanaotaka kwenda kuwasalimia. Nitatumia Mlimba, kwenye bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kama mfano mkuu, ila mambo mengi ni yale yale ukiwa Mang'ula, Mbingu, Chita, Uchindile au Mpanga.

Kitu kimoja kikae kichwani tangu mwanzo. Stesheni kubwa ukichelewa au ukikosea kuna mtu wa kukurekebishia, kuna dirisha lingine, kuna hoteli, kuna basi la saa kumi na mbili. Stesheni ndogo hamna hayo. Treni inasimama dakika chache, mara nyingi usiku, na kila kitu unatakiwa uwe umeshakimaliza kabla haijafika.

HATUA YA 1: HAKIKISHA TRENI IPO

Usicheke, hii ndo hatua inayowatesa watu kuliko zote. TAZARA imezeeka, ilianza kujengwa 1970 kwa mkopo wa Wachina usio na riba, ikakabidhiwa 1976, na miaka ya karibuni vichwa vya treni vimekuwa vichache kiasi kwamba treni ya abiria inaweza kuahirishwa au kusimamishwa kabisa kwa muda. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia wamesaini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4 hivi, kwa hiyo kipindi chote cha ukarabati tegemea ratiba kuguswa guswa.

Kwa miaka mingi mpangilio ulikuwa treni mbili kwa wiki kila upande, Jumanne na Ijumaa. Moja ni ekspresi, inaitwa Mukuba, nyingine ni ya kawaida inaitwa Kilimanjaro. Tofauti yake kwako wewe wa stesheni ndogo ni kubwa sana: ekspresi inasimama sehemu chache tu kama Ifakara, Mlimba na Makambako, wakati ya kawaida ndo inayowachukua watu wa vituo vidogo. Wazee wa bondeni watakusimulia pia Kipisi, ile treni fupi ya huku huku iliyokuwa inasimama karibu kila kituo, mama akipanda na kapu lake la ndizi anaenda kuuza stesheni ya tatu anarudi. Kwa hiyo ukiuliza usiulize tu "treni lini", uliza "treni ipi, na je inasimama hapa?"

Wa kumuuliza ni stesheni masta. Sio bodaboda, sio muuza duka wa jirani, hata kama kaishi pale miaka ishirini. Stesheni masta ndo anaongea na kontroo, ofisi inayoongoza treni zote njiani, kwa simu, anajua treni imetoka Dar au bado ipo pale pale, anajua imechelewa wapi na kwa sababu gani. Nenda mapema, msalimie vizuri, jieleze unaenda wapi na una mzigo gani, muombe namba ya simu ya stesheni. Wengi ni watu wa kusaidia sana ukiwaendea kistaarabu, na wanafanya kazi ngumu peke yao usiku kucha. Siku ya safari mpigie asubuhi, mpigie tena jioni.

HATUA YA 2: SOMA TAREHE NA SAA VIZURI

Hapa ndo watu wanakosa treni wakiwa na tiketi mkononi. Treni inayotoka Dar mchana au alasiri inafika Kilombero usiku, na Mlimba mara nyingi ni baada ya saa sita usiku. Sasa saa sita ya usiku ikipita tarehe ya kwenye karatasi imeshabadilika. Tiketi ikiandikwa Jumamosi saa 01:20 maana yake ni saa saba na dakika ishirini, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Mtu anasoma Jumamosi, analala nyumbani kwake Ijumaa kwa amani, anakuja stesheni Jumamosi jioni na mabegi na watoto, treni ishafika Mbeya. Mwambie mkata tiketi akutamkie kwa mdomo, "ni usiku wa kuamkia siku gani?", afu andika kwa kalamu nyuma ya tiketi.

Ukiwa unaendelea mpaka Zambia kumbuka pia saa zao ziko nyuma yetu saa moja, ukivuka Tunduma kuingia Nakonde saa ya simu itajirudisha yenyewe, kwa hiyo ukimwambia ndugu yako wa kule aje kukupokea mkubaliane ni saa za wapi.

HATUA YA 3: TIKETI NA DARAJA

Madaraja yako hivi: la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili ni chumba cha vitanda sita, afu kuna supa siti na daraja la tatu ambayo ni siti tu. Vyumba vya kulala wanaume na wanawake wanatenganishwa, isipokuwa mkiwa familia au kikundi mmechukua chumba kizima. Kwa hiyo mtu na mke wake wakinunua vitanda viwili wasishangae wakipelekwa vyumba tofauti, ndo utaratibu.

Ukipandia Dar unachagua. Ukipandia Mlimba au Chita unachukua kilichobaki, maana vitanda vinauzwa kwanza kwenye stesheni za mwanzo. Ushauri wangu, kama unataka kitanda nenda siku kadhaa kabla umuombe stesheni masta akuulizie nafasi, na kama una ndugu Dar ambaye anaweza kufika stesheni yenyewe basi afanye hivyo akukatie yeye. Hakikisha tu tiketi inaonesha kabisa unapandia wapi, ili kitanda chako kisije kikauzwa kwa mtu mwingine kwa kuonekana ni kitupu tangu Dar. Kwa safari fupi, mfano Mlimba kwenda Ifakara au Mlimba kwenda Makambako, daraja la tatu linatosha kabisa, hela ya kitanda peleka kwenye mambo mengine. Kwa Mlimba mpaka Dar au mpaka Mbeya na una watoto au mzee, tafuta kitanda, usiku ni mrefu na siti za la tatu zinajaa mpaka kwenye njia.

Nauli uliza pale pale dirishani siku unayokata, usiende na bei aliyokuambia mtu aliyesafiri mwaka juzi. Na beba hela taslimu za noti ndogo. Kata tiketi kabla ya kupanda, kila inapowezekana. Ukipanda bila tiketi mkaguzi atakukuta, na hapo utalipa zaidi na utakuwa huna la kusema.

Afu jambo la wale wanaoanzia Dar: stesheni ya TAZARA ni ile ya barabara ya Nyerere, pale makutano na Mandela kwenye daraja la juu la Mfugale. Sio stesheni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ya katikati ya mji na sio ya reli ya kati. Hizi ni reli tatu tofauti na hata upana wake haufanani, TAZARA ni milimita 1,067, reli ya kati ya zamani ni 1,000, SGR ni 1,435. Ndo maana pale Kidatu ambapo TAZARA inakutana na tawi la reli ya kati linalotoka Kilosa, mzigo unabidi uhamishwe kutoka behewa moja kwenda lingine. Tiketi ya huku haifanyi kazi kule. Mbeya nako stesheni iko Iyunga, nje kidogo ya mji ukielekea Tunduma, sio stendi ya mabasi.

HATUA YA 4: MZIGO, HASA MCHELE NA NDIZI

Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya treni hii. Anayetoka Mlimba mikono mitupu ni nadra, na mchele wa Kilombero kila mtu Dar anautaka.

Mzigo mdogo wa mkononi unaingia nao, unauweka juu au chini ya siti. Ukizidi hapo unatakiwa upimwe, ulipiwe, uende kwenye behewa la vifurushi, na upewe risiti. Watu wanakwepa hii kwa kugawa magunia kwa abiria wenzao, "nishikie hili dada nitalichukua Dar", matokeo yake dada kashuka Kisaki na gunia. Lipia. Risiti ndo ushahidi pekee ulionao gunia likipotea, na bila hiyo hata mtu akitaka kukusaidia hana pa kuanzia.

Namna ya kufunga gunia, fanya hivi. Tumia gunia jipya au lisilo na tundu, ukipata weka mfuko wa nailoni ndani, maana behewa lina unyevu na pengine jirani yake ni tenga la samaki. Usijaze mpaka mdomoni, acha shingo ya kutosha kushonea, shona kwa kamba ya manila na sindano ya gunia mishono ya karibu karibu, afu acha masikio mawili pembeni ya kushikia. Masikio haya ni muhimu sana, gunia lisilo na masikio mpakiaji atalivuta kwa kucha au ndoana na hapo ndo linapochanika. Andika kwa maka pen pande zote mbili, sio upande mmoja: jina la mpokeaji, namba ya simu, stesheni linakotoka na stesheni linakoenda, kwa herufi kubwa. Kisha chukua kitambaa cha rangi yako, chekundu au kijani, funga kwenye sikio moja. Dar magunia yakishushwa yote ni meupe, yote yameandikwa MLIMBA, wewe unatafuta kitambaa chako tu. Piga picha gunia likiwa limeshapimwa na risiti pembeni yake, mtumie mpokeaji.

Ndizi zikate zikiwa mbichi kabisa, zisiwe na hata dalili ya njano, mkungu uuzungushie majani yake yaliyokauka. Kuku kwenye tenga lenye nafasi, wanyweshe maji kabla ya kupakia, usiwajaze. Na mzigo wowote ufike stesheni mchana, sio dakika ya mwisho, maana kupima na kuandika kunachukua muda na mwenye kazi ni mmoja.

HATUA YA 5: KUSUBIRI

Treni itachelewa. Reli ni ya njia moja, treni zinapishana kwenye stesheni tu, kwa hiyo treni yako inaweza kukaa Mbingu inasubiri ya mizigo iliyobeba shaba ya Zambia ipite kwanza, na ikichelewa moja zinachelewa zote. Sa zingine ni saa moja, sa zingine ni mpaka asubuhi. Jiandae hivyo.

Mlimba iko bondeni, joto na mbu ni wa kweli na malaria ipo. Vaa mikono mirefu na suruali ndefu, jipake dawa ya mbu, mtoto mfunge na kitenge vizuri au beba chandarua kidogo. Beba tochi yenye betri mpya, usitegemee tochi ya simu maana simu utaihitaji. Maji ya kunywa beba ya kutosha. Chakula utapata: ratiba ya treni ikijulikana kina mama wanakuja na chai, maandazi, wali, mayai ya kuchemsha, mihogo, samaki wa mto Kilombero. Kula pale, ni kizuri, na ndo kipato chao cha wiki.

Masika, yaani kuanzia Machi mpaka Mei hasa, fuatilia zaidi. Mvua kubwa zinaweza kuondoa tuta au kumwaga udongo kwenye reli upande wa milimani, na barabara ya Ifakara mpaka Mlimba nayo inakuwa tope. Watu wa huku wanakumbuka mafuriko ya 2024. Kipindi hicho usiweke safari ya treni siku moja kabla ya mtihani, usaili au klinik ya rufaa. Weka siku mbili tatu za akiba. Mgonjwa wa haraka usimsubirishe treni.

HATUA YA 6: KUPANDA

Siku ile ile muulize stesheni masta mabehewa ya daraja lako yatakuwa mbele au nyuma. Treni ni ndefu kuliko jukwaa la stesheni ndogo, kwa hiyo inawezekana behewa lako likasimama nje kabisa ya jukwaa, kwenye kokoto, giza, na ngazi ya kwanza ikawa usawa wa kiuno chako. Ukisikia honi na kuona taa mbali nyie mshajipanga upande sahihi. Anza kupandisha mtu mmoja mwenye nguvu, huyo anapokea mizigo na watoto kutoka juu, afu wazee, wa mwisho anapanda akiwa ameangalia chini kama kuna kilichobaki. Kama unasafiri peke yako na watoto, ongea mapema na kijana anayesafiri au mfanyakazi wa stesheni, mkubaliane, watu wanasaidia.

Usipite chini ya mabehewa kukimbilia upande wa pili, hata treni ikiwa imesimama nusu saa. Na ikianza kutembea usirukie. Hili nalisema kwa uchungu maana stesheni ndogo ndo watu wanakatwa miguu kwa sababu ya gunia moja.

Ukishaingia mtafute mhudumu wa behewa, muoneshe tiketi, mwambie unashukia wapi. Funga mlango wa chumba kwa komeo la ndani, na dirisha lifunge ukilala, mikono inaingia kupitia dirishani treni ikisimama gizani. Simu na hela zikae mwilini. Beba sweta hata kama Mlimba unatokwa jasho, kwa sababu kutoka hapo kwenda Makambako treni inapanda milima usiku huo huo na Makambako kuna baridi ya kweli. Kipande hicho cha Mlimba mpaka Makambako kina mahandaki 18 na daraja refu la Mpanga lenye urefu wa kwenda juu kama mita 50, ndo kilikuwa kigumu kuliko chote kujenga. Treni ikiwa imechelewa utakipita kukiwa kumekucha, na hapo kwa kweli amka, kaa dirishani, utaona kazi iliyofanywa na vijana wa Kitanzania, wa Zambia na Wachina kwa miaka ile. Mtandao wa simu huko unakatika, kwa hiyo mpigie wa kukupokea kabla hujaondoka Mlimba.

Chakula cha ndani kipo behewa la chakula, wali au ugali na kuku au nyama. Ukinunua dirishani, shika hela kamili mkononi, pokea kitu kwanza, lipa, basi. Sio vizuri kumshikilia mama chenji mpaka treni inaanza kutembea.

HATUA YA 7: KUSHUKIA STESHENI NDOGO

Ukitokea Dar kwenda Mlimba usitegemee tangazo. Hesabu mwenyewe: ukishapita Ifakara, amka kabisa, utakutana na stesheni ndogo ndogo, Mbingu, baadaye Chita, ndo Mlimba. Kila jengo la stesheni lina jina lake, mulika na tochi au muulize mtu wa nje. Anayeenda hifadhi ya Udzungwa ashukie Mang'ula, kabla ya Ifakara, makao ya hifadhi yako pale. Muombe mhudumu akuamshe lakini weka na alamu yako. Stesheni moja kabla, mizigo yote iwe mlangoni na watoto wamevaa viatu.

Ukishashuka usiku kama hamna aliyekuja kukupokea, kaa stesheni na abiria wenzako mpaka kupambazuke au uende nyumba ya wageni ya karibu mkiwa wengi. Bodaboda wapo, ila chukua anayejulikana na wafanyakazi wa stesheni na mkubaliane bei kabla hujakaa.

Kama una kifurushi behewani usiondoke hapo mpaka umekiona kimeshushwa. Nenda kwenye behewa la vifurushi moja kwa moja na risiti mkononi, soma namba kwa sauti, angalia kitambaa chako, kagua mishono kabla ya kusaini. Ukikuta gunia limechanika au limepungua lisemee pale pale, lipimwe tena, uzito uandikwe kwenye risiti na stesheni masta asaini, maana ukishalibeba mpaka nyumbani hamna tena wa kukusikiliza. Likiwa halijashuka kabisa, stesheni masta atapiga simu stesheni ya mbele lishushwe na lirudishwe na treni inayokuja, na wewe umuachie namba yako na nakala ya risiti, yenyewe ubaki nayo.